Pembe Chini ya Mafiga

Nilipokuwa mtoto, kwetu Bwera, wivu ulikuwa na mahali pake pa kukaa: chini ya mafiga. Watu wazima waliamini kwamba mwanamke akizika pembe ya mbuzi chini ya mawe yale matatu ya jikoni, pembe iliyojazwa dawa na kuzibwa kwa nta, basi kila apikapo moto unaiamsha, na mke mwenzake hashiki mimba. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hilo. Tulikua nalo tu.

Mama yangu alikuwa mke mkubwa, mwenye watoto nyumba nzima. Mama Mdogo alikuja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na kiuno chembamba na sauti nzuri ya kuimba, na baba, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo mpakani Mpondwe, akaanza kurudi nyumbani mapema. Mama alimchukia waziwazi. Mimi nilimchukia kwa ajili ya mama, ingawa maharage yake ya mawese yalinishinda nguvu. Miaka ikapita, Mama Mdogo hakuzaa.

Kisha Mama Mdogo akaokoka. Alilia mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi, na usiku ule baba akasema nyumba yake sasa ina mtu wa Mungu. Mama hakumaliza chakula. Jumapili iliyofuata naye akasimama.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa kuchoma vitu vya giza kabla ya ubatizo. Mama alitupa motoni shanga za kiunoni alizovishwa alipoolewa. Alishangiliwa kuliko Mama Mdogo. Niliyasikiliza makofi yake kwa makini, nikaridhika. Bibi, mama yake baba, ndiye peke yake aliyekunja mikono. Njiani akamwambia mama polepole, "Maji ya mto italowesha nguo yako tu. Ile kitu ukiiacha ndani, moto yako itakukataa."

Mama akabatizwa mtoni, na moto ukamkataa kweli. Jiko lilijaa moshi, maharage hayakuiva, ugali ulitoka mbichi. Leo naweza kusema mvua zilinyesha kila siku na kuni zilikuwa mbichi, na tena mtu mwenye roho nzito hapulizi moto vizuri. Wakati ule tulijua tu kwamba Bibi alisema. Tukaanza kula kwa Mama Mdogo, na mama alikaa mlangoni kwake akitutazama tunavyolamba vidole.

Asubuhi moja Mama Mdogo alimkuta mama akianika kahawa, akapiga magoti pale pale, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama wasemavyo kwao.

"Yaya, nimekuja kutubu kwako. Miye nilikuonea wivu. Weye uko na batoto, miye siko na hata moya. Siku ingine niliomba Mungu bagonjwe."

Mama akamwambia amemsamehe, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia akijisemea, "Hata kutubu amenitangulia!" Sijawahi kusikia wivu ukisema ukweli namna ile.

Kesho yake, jua likiwa kali, aliwaita baba, Bibi na Mama Mdogo jikoni. Akaondoa chungu, akang'oa mafiga, akachimba. Pembe ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Aliishika kwa mikono miwili.

"Ni wewe nilikufunga," akamwambia Mama Mdogo. "Shanga nilichoma ili watu waone. Sikutubu. Nilikuwa nashindana na wewe."

Baba alifungua mdomo, Bibi akamzuia. Mama Mdogo aliitazama ile pembe.

"Miaka yote ile nilikuwa nakunywa madawa, Yaya. Nilizania ni tumbo yangu iko mubaya."

Akaenda kufunga mizigo, na jioni akavuka mpaka kurudi kwao.

Mama hakujitetea. Mchungaji alipokuja kumtuliza, kwamba Mungu amekwisha kumsamehe, mama alimjibu kuwa aliyefungwa hakuwa Mungu. Kila siku ya soko alishuka Mpondwe kuwauliza wafanyabiashara wa Butembo habari za mwenzake. Alipiga simu, haikupokelewa. Mimi nilifurahi kimoyomoyo: baba alikuwa wetu, mama alikuwa wetu, na uwanja wote ulikuwa wetu.

Mahindi yalipokomaa, Mama Mdogo akarudi, amekonda. Alisema wazi kwamba amemrudia mume wake, si Yaya. Jioni ile mama aliniogesha, akanivalisha gauni langu la kanisani, akanishika mkono tukavuka uwanja hadi kwa Mama Mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa kitindamimba wake. Wote walijua ananipenda kupita kiasi.

"Huyu atalala kwako, atakuita mama," akasema. "Si malipo. Ile miaka siwezi kuilipa."

Mama Mdogo akanisogezea kigoda.

Usiku ule nililala nikiwasikia ndugu zangu wakicheka kwa mama, na wivu ukaniuma mpaka nikang'ata shuka. Mama Mdogo alinilea vizuri, nami nampenda. Hakuzaa mpaka leo. Pembe ilitoka, mtoto hakuja, na hakuna muujiza uliomlipa mama kwa kusema ukweli.

Sasa naishi mjini Kasese. Nawasikia wahubiri wakiita watu watubu, nawaona wanaolia na wanaoanguka, wala siwacheki. Ila toba siipimi kwa machozi. Najua toba ya mama ilikuwa ya kweli kwa sababu alinitoa mimi, na alipovuka uwanja kurudi kwake peke yake hakugeuka nyuma. Angegeuka, angenichukua.