Nilimwiba Mjukuu Wangu Nikidhani Mama Yake Anamtorosha Pwani

Kosa ni langu. Nimetafuta sana mtu wa kumsingizia na nimemkosa, kwa hivyo niseme tu mapema: kosa ni langu.

Jina langu liacheni. Lakini hawa wengine nitawataja, kwa sababu mimi sijui kusimulia mtu bila jina. Shule niliishia darasa la tatu, na Mungu akanipa majina badala ya masomo. Ukinitajia jina lako leo sokoni Kalamba, mwaka kesho nitakuita nalo, na la mbuzi wako pia. Nilimwomba Zuhura ruhusa nimwandike. Akasema, "Andika." Neno moja tu, akaendelea kushona.

Zuhura ni mke wa mwanangu Mutinda. Mutinda alifariki, akaniachia huyo mke na watoto wawili: Mwende, ambaye sasa ni msichana mkubwa, na Kyalo, yuko gredi ya pili. Zuhura ni mtu wa Malindi, wazazi wake ni Waislamu. Huku kwetu kila mtu alingoja aondoke baada ya matanga. Hakuondoka. Aliweka cherehani sokoni, akawa anashona yunifomu za shule, jioni anakuja kunipikia.

Na mimi, badala ya kushukuru, nilikuwa nakula chakula chake huku nangoja aondoke!

Wifi yangu Kalunde, dada ya marehemu mume wangu, kila akija ilikuwa hivi:

"Huyo wa pwani bado yuko?"

"Yuko."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, Kalunde? Mwaka wa tatu huu."

"Maji ukiyashika kwa mkono, wifi, huoni yanapita wapi. Unaona tu mkono umebaki mtupu."

Basi nikawa mtu wa kuangalia mkono wangu kila siku.

Niwaambie kuhusu jina la Kyalo, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yamelala. Zuhura alikuwa na mimba kubwa wakati alienda Malindi kumwona mama yake. Wakirudi na Mutinda, mtoto akawajia njiani, kando ya barabara, karibu na Mtito Andei. Alipofika hapa nyumbani ameshafunguliwa macho na vumbi la Mombasa Road. Mimi ndiye nilimpa jina. Nikamwambia Zuhura, "Huyu ni Kyalo. Kwa Kikamba kyalo ni safari, mwanangu." Akacheka, akalirudia mpaka akalishika. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kikamba. Mimi mwenyewe nilimfundisha!

Sasa. Mutinda akiwa hai alikuwa amewaahidi watoto atawapeleka kuona bahari. Si kufika tu na kurudi. Alisema watashuka mpaka Mombasa, wavuke feri waone Diani, kisha wapande Kilifi na Watamu mpaka Malindi, "bahari ikae mkono wa kulia mpaka mchoke nayo." Alikufa kabla ya kutimiza. Shule zilipokaribia kufunga, Zuhura akawaambia watoto, "Ile kyalo ya baba tutaifanya sisi."

Aiya, hiyo nyumba ilijaa kelele! Rafiki ya Mutinda akakubali kuwapatia gari yake, Probox, kwa wiki moja. Watoto wakakaa na mama yao mezani wanapanga. Watakula Mtito, kwa sababu Kyalo alitaka kula mahali alipozaliwa. Daraja la Kilifi watalivuka kwa miguu. Wakagombania dirisha.

"Kwenda, Kyalo akae upande wa bahari. Kurudi, Mwende," Zuhura akaamua.

"Lakini kurudi si tutapita mbugani!" Mwende akalia. "Huko hakuna bahari!"

"Kuna ndovu."

"Sitaki ndovu, nataka bahari!"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza, hawanioni. Mtu wa kawaida angecheka. Mimi nikasema moyoni, hiyo hadithi ya kurudi anawapa watoto ili wanyamaze.

Tena aliniita. "Mama, twende wote. Gari iko na nafasi."

Nikamjibu, "Mimi sina haja na maji ya chumvi." Na moyoni nikasema, ananiita kwa sababu anajua sitakubali. Mnaona mtu akishaanza kushuku? Hata wema anaugeuza ukawa ushahidi.

Nikaanza kumchunguza. Alifua nguo zote za Kyalo, zote, hata sweta. Sweta ya nini pwani, na kule kunachemka? Kisha akaja kuniomba picha ya Mutinda, ile imetundikwa ukutani kwangu. Nilimpa, lakini mkono wangu ulikataa kuachilia. Mtu anayerudi anabeba picha ya marehemu ya nini?

Siku moja kabla ya safari nilikuwa jikoni nachagua ndengu. Zuhura alikuwa nyuma ya ukuta anaanika nguo, anaongea kwa simu na ndugu yake Athmani wa Malindi. Sikio langu la kushoto si zuri, kwa hivyo nikaweka lile la kulia kwenye mabati.

Nikasikia hivi: "Kyalo ataishia Malindi. Harudi na hii njia. Eeh, mama atafurahi sana. Lakini huyu mama wa hapa usimwambie, ataogopa."

Ndengu zikanimwagika zote.

Kyalo ataishia Malindi! Harudi! Na mimi nisiambiwe!

Ningeweza kuzunguka huo ukuta. Hatua chache tu. Ningesema, "Zuhura, umesema nini?" Badala yake niliokota ndengu zangu moja moja, nikapanga.

Asubuhi ya safari Zuhura alienda na gari sokoni kuweka upepo kwa magurudumu. Mwende alikuwa anafunga chapati. Nikamwita Kyalo pembeni. Alikuwa ameshavaa kaptura ya kuogelea ndani ya suruali, na miwani ya maji kwa paji la uso, tangu alfajiri.

"Twende tukamwage mjomba Musembi, Kanyangi," nikamwambia. "Gari itatupitia huko."

"Kanyangi iko njia ya bahari, Susu?" Susu ndiyo nyanya kwetu.

Nikamwambia iko. Mungu anisamehe.

Kijana wa bodaboda aliyetubeba anaitwa Musyoka. Tulivuka mto Athi, tukaacha Makueni, tukaingia Kitui, mtoto katikati yetu anaimba. Simu yangu nilikuwa nimeizima.

Musembi ni ndugu yangu mdogo. Alinipokea vizuri, lakini alinitazama.

"Dada, mama ya huyu anajua mko huku?"

"Anajua."

"Mbona huna hata kiondo?"

"Musembi, nimekuja kuhojiwa ama kunywa chai?"

Kyalo hakuingia ndani. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, na miwani yake, anangoja Probox. Kila gari ikinguruma anasimama. "Susu, ni wao?" "Bado." Lori. "Ni wao?" "Bado." Mke wa Musembi akamletea sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, akakataa kwa heshima kabisa.

"Asante, lakini nitakula Mtito. Tulipanga."

Mimi bado nasikia hiyo "tulipanga." Nikila, naisikia.

Jua liliposhuka alivua miwani, akaishika mkononi. Hakulia. Ni heri angelia.

Nyumbani nako, nilikuja kuambiwa baadaye, walimtafuta mtoto kila mahali. Mimi walidhani nimeenda kanisani kwa maombi ya kukesha, kwa sababu nimezoea kuondoka bila kusema. Mtu mmoja akasema aliona watoto wakicheza karibu na silanga, lile bwawa letu la kunyweshea ng'ombe. Basi wanaume wakavua viatu wakaingia majini kutafuta mwili. Zuhura alisimama ukingoni ameshika shati la Kyalo. Mwende alikuwa kando yake, akaona yote. Huyo mtoto alitaka bahari, mimi nikampa silanga!

Kesho yake Musyoka ndiye alisikia habari, akaenda mwenyewe kusema, "Huyo mtoto mimi nilimbeba, yuko Kanyangi na nyanya yake."

Zuhura akaja na hiyo Probox, pamoja na naibu wa chifu. Kyalo alikuwa amerudi kwa jiwe lake tangu asubuhi. Aliiona gari kutoka mbali, akaruka, akavaa miwani.

"Wamekuja! Susu, ulisema kweli! Wamekuja!"

Ulisema kweli. Aliniambia hivyo mimi!

Zuhura alimshika mtoto, akamnusa kichwa, akamweka garini. Kisha akaja. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa majibu.

"Mama, kwa nini?"

"Nilikusikia! Ulisema Kyalo ataishia Malindi, harudi! Ukasema nisiambiwe!"

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake safi.

"Itaishia," akasema. "Nilisema kyalo itaishia Malindi, hairudi na hii njia. Safari, Mama. Safari! Tungerudi na njia ya mbugani, na wewe ndovu unawaogopa, ndio sababu nikasema usiambiwe. Si neno lako hilo? Si wewe ulinifundisha?"

Herufi moja! Na hata kama ningeisikia vizuri ingenisaidia nini? Sisi huku hizo tunazichanganya kama mahindi na maharagwe. Tunasema mtoto imelala, gari amefika. Yeye mtu wa pwani alikuwa anaongea Kiswahili chake sawasawa na neno langu la Kikamba ndani, na mimi, mwenye neno, ndiye sikulielewa.

Naibu wa chifu aliangalia pembeni. Musembi akasema polepole, "Dada, hata mimi umenidanganya."

Picha ya Mutinda ilikuwa bado kwenye gari, imesimamishwa mbele ya kioo. Watoto ndio waliomba ibebwe, ili baba yao naye aione bahari. Na sweta ilikuwa ya baridi ya alfajiri. Hayo yote Mwende alinieleza baadaye, huku ananiangalia kama mgeni.

Safari haikufanyika. Mtoto alikuwa na homa, Zuhura hakuweza kushika usukani, na gari ya watu ikarudishwa. Wakasema likizo ijayo.

Sasa nifike mahali pagumu. Pale Malindi safari ingeishia kwa mama yake Zuhura. Huyo mama hakuwa amemwona Kyalo tangu mtoto alipokuwa tumboni. Alikuwa anaugua miguu, hawezi kusafiri. Kila mwaka alituma halua, na mimi niliila. Jina lake nililijua tangu siku ya mahari, mimi nisiyesahau jina, lakini katika nyumba yangu sikuwahi kulitamka. Nilisema "yule wa pwani" tu. Anaitwa Mwanahamisi. Alifariki kabla likizo nyingine haijafika.

Walienda na basi. Waislamu hawachelewi na maiti, kwa hivyo walifika ameshazikwa. Kyalo aliiona bahari siku hiyo, akiwa amevaa viatu vya shule.

Kalunde alikuja akaketi karibu nami. "Sasa wifi, hapo ndipo hawarudi."

Nilimwambia aende kwake. Lakini nisiwafiche: hata mimi niliamini hivyo. Nilisema, akibaki huko ni haki yake, nitamlaumu na nini?

Walirudi. Nilikuwa langoni natenganisha mbuzi wakati niliwaona wakitoka barabarani na mizigo. Kyalo alifika wa kwanza. Hakunikumbatia. Alisimama mbali kidogo, akasema:

"Susu, si uliona? Tumerudi."

Zuhura bado ananipikia. Hajaninyima hata chumvi. Lakini zamani aliniita Mama, siku hizi ananiita Nyanya Mwende. Na lile neno la Kikamba nililompa halipo tena mdomoni mwake. Anasema "safari." Watoto nao wanasema "safari." Kyalo limebaki jina la mtoto tu, na huyo mtoto, nikimwambia twende hata kwa posho mill hapo karibu, anakimbia kwanza kwa cherehani kumwuliza mama yake.

Wewe unayenisoma, hasa wewe mwenye wajukuu na mke wa mwana: ukisikia neno nyuma ya ukuta na moyo wako ukaruka, usipange chochote. Zunguka ukuta uulize, hata kama unaona haya. Na yule unayemngoja aondoke, mtazame vizuri anapokuwekea sahani mbele yako. Miaka yote hiyo nilimwangalia Zuhura nikisema ndiye atakayemwiba mtoto, na mwizi alikuwa amekaa jikoni anachagua ndengu.