Shuka la Nyumba ya Wageni

Kwa wakwe zangu wa Mbuba, mkwe halali nyumba moja na mama mkwe. Kwa hiyo mke wangu alipotangulia kijijini kusaidia maandalizi ya harusi ya mtoto wa kaka yake, mimi nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni nje kidogo ya Ngara mjini. Nilifurahi. Miaka yote niliyoishi na mke wangu Mhangaza, mji wao nilikuwa nimeuona kupitia dirisha la basi tu. Safari hii ningeutembelea taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Wenye nyumba walikuwa mume na mke wa makamo, wakiishi vyumba vya mbele. Sisi wageni tulilala ng'ambo ya ua. Mama mwenye nyumba alinionyesha kitanda. Shuka lilikuwa jeupe, limetariziwa maua mekundu pembeni.

"Nimeyashona mwenyewe, baba," alisema. "Kila chumba na maua yake."

Kisha akaniuliza nimeoa kwa nani huko Mbuba. Nilipomtajia, akapiga makofi. Mama mkwe wangu alikuwa akisali naye kanisa moja.

Miezi michache nyuma nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Daktari aliniambia mkojo ungenisumbua kwa muda, kisha ungetulia. Nyumbani ulikuwa umeshatulia. Labda ni baridi ya Ngara, labda ni uchovu wa basi, sijui. Asubuhi ya kwanza niliamka nimeloa hadi mgongoni.

Nilisimama katikati ya chumba nikilitazama lile doa, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Nje nilimsikia mama akifagia ua. Nikafikiria kanisa lao, na mama mkwe wangu ambaye mpaka leo nikizungumza naye naangalia pembeni kwa heshima. Basi nililigeuza godoro, nikalikunja shuka, nikalisokomeza kwenye begi, na juu ya kitanda nikatandika blanketi vizuri sana. Niliaga kwa sauti ya uchangamfu, nikapanda bodaboda.

Sikuwa na mpango wowote zaidi ya kutafuta shuka kama lile. Nilizunguka maduka yote ya nguo sokoni. Mashuka yalikuwepo, ya rangi zote, lakini yenye maua yale yangetoka wapi? Jua lilipopanda, begi likaanza kutoa harufu. Nikawa nalibeba mbali na mwili, na kila mtu aliyenipita nilidhani ananusa.

Hapo ndipo nilipoguswa bega. Alikuwa mwenye nyumba, mume wa yule mama, amekuja mjini kununua misumari.

"Mkwe wetu! Unatembea peke yako kama yatima?" Akalinyakua begi langu. "Mgeni habebi mzigo. Njoo nikuonyeshe mji."

Nikasema si zito. Nikasema nitalibeba mwenyewe. Akacheka, akaliweka begani, karibu kabisa na shavu lake. Akanipitisha kwa wauza ndizi na maharage, akanitambulisha kwa rafiki zake fundi cherehani na muuza nyama, akanipandisha mahali penye upepo ambapo milima inaonekana inaendelea mpaka Burundi. Alinieleza mengi kuhusu milima ile. Sikushika hata moja. Nilikuwa namtazama pua.

Tukiwa pale simu yake iliita. Alikuwa mkewe. Walizungumza Kihangaza, lugha ninayoisikia kidogo kutoka kwa mke wangu, lakini neno "shuka" sikuhitaji kutafsiriwa. Uso wake ukabadilika. Akaniangalia, akaliangalia begi, kisha akamwambia mkewe kitu kifupi na kukata simu. Akalishusha begi chini taratibu, akaendelea kutazama milima. 

Nakumbuka nilichofikiri, na hicho ndicho kinachonichoma kuliko mkojo wenyewe. Nilifikiri: na anidhanie mwizi. Mwizi bado ni mwanamume.

Lakini alikuwa amenyamaza kwa namna ya mtu anayemwonea mwenzake aibu, nikashindwa.

"Nimekikojolea kitanda chenu," nikasema. "Shuka limo humo. Nilifanyiwa upasuaji."

Akaliokota begi, akalirudisha begani palepale, shavuni palepale.

"Twende nyumbani," alisema. "Likikaa hivyo maua yatachuja."

Mama alilipokea begi mlangoni. Mumewe alimnong'oneza, naye akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Nilimfuata nikitaka kulifua mwenyewe.

"Kaa, baba," alisema bila kugeuka. "Shuka la mgeni hufuliwa na mwenye nyumba."

Jioni nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Nilipokaa, kitu kililia chini yangu. Mama alikuwa ametandika mpira wanaotandikiwa watoto wachanga chini ya shuka. Niliketi juu yake muda mrefu, nikamshukuru moyoni, na wakati huohuo nikatamani asingekuwa mwema kiasi kile.

Siku ya harusi wote wawili walikuja Mbuba. Mama alikwenda kuketi kwenye mkeka mmoja na mama mkwe wangu. Waliinamiana, wakazungumza, wakacheka. Nikaiweka sahani chini. Mwishowe nilimwita mke wangu nyuma ya turubai nikamweleza yote.

"Huyo mama hajasema neno," alinijibu. "Wanaongelea kwaya." Kisha akanitazama sana. "Yaani ulikuwa radhi uitwe mwizi kwetu, mimi nije nijibu hilo?"

Sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo. Kutoka asubuhi ile mpaka pale, mtu niliyekuwa nimemfikiria ni mimi tu. Akarudi kwa wageni akaniacha nimesimama kati ya masufuria, na waliokuwa wakiosha vyombo wakaniuliza kama natafuta maji ya kunawa. Nikasema ndiyo.