Kasa Hana Miguu

Enzi zetu, yaani kabla hizi ndevu zangu tatu hazijachungulia, watoto wa Majengo tulikuwa na mchezo ambao madogo wa siku hizi hawauwezi, kwa sababu hauhitaji chaji. Ulihitaji ufumbe macho tu. Wenzangu wa rika hili mlisukuma tairi na kucheza kalongo. Kwetu tulitambua kasa.

Babu yangu alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani. Kibanda chake cha nyuma ya soko la Gikomba kilinuka vumbi la mbao na rangi ya viatu aliyong'arishia kazi zake. Alichonga kasa wa kuuzwa Mombasa, na kule mteja akiagiza kasa aina ya ng'amba, hapokei mwingine. Tukitoka shule, mimi na dada yangu Mwende tulimpigia msasa. Kisha alituamuru tufumbe macho, akatuwekea kasa mikononi na kuuliza neno moja: "Huyu?"

Vidole vilijibu. Magamba yamelaliana kama vigae, mdomo umechongoka kama wa kasuku: ng'amba. Magamba yamepangana ubavu kwa ubavu, kichwa mviringo kama cha mwalimu wetu wa hesabu: kasa uziwa. Mgongo hauna magamba, una matuta marefu kama shamba la viazi: kasa ngozi. Na ukitamka "kobe," jina la kila chenye gamba huku Eastlands, umepoteza nusu ya chapati yako ya jioni.

"Kobe ana miguu," Babu alisema. "Kasa ana makasia."

Mimi nilisema kobe makusudi, nimsikie akifoka. Nilikonda.

Halafu mtoto wa jicho akamwingia Babu. Kazi zikaanza kurudishwa. Baba akasema ikirudi nyingine, atampeleka mzee nyumbani Ukambani akapumzike. Jioni moja, Baba akiwa amesimama mlangoni, Babu akampa Mwende kasa mpya.

"Huyu?"

Nilikuwa nachungulia, kama kawaida yangu. Mdomo ulikuwa wa ng'amba, mgongo wa uziwa. Mwende, ambaye hakuwahi kukosea hata akiwa na homa, alimpapasa, akarudia.

"Ng'amba, Babu."

Babu akanigeukia. Nilikuwa na utani mzuri kabisa mdomoni. Nikaumeza.

"Ng'amba."

Akamchukua kasa wake, akapitisha kidole gumba mgongoni, taratibu, mpaka mkiani.

"Leo nyote mmepoteza nusu ya chapati," akasema, akaanza kufunga tezo zake za kuchongea kwenye gunia.

Sasa yuko kijijini, na yule kasa yuko juu ya meza ya televisheni. Ndugu yetu mdogo, mwenye vidole vya kusugua simu tu, anamwita kobe mchana kutwa na bado anapewa chapati nzima. Hata mimi napewa nzima. Haishibishi kama ile nusu.