Nyumba Iliyokubaliwa kwa Bei ya Kwanza

Nilipomwambia dalali kwamba nyumba yangu nauza ng'ombe mia, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi, hapa Bariadi tunauza kwa shilingi."

"Basi wageuze shilingi wewe. Mimi najua ng'ombe."

Akatoa simu, akapiga hesabu, akaacha kucheka.

Shule niliishia darasa la pili, lakini vikao vya mahari nimekaa vingi, na mabinti zangu wote nimewaozesha kwa heshima. Ukitaja mia hutegemei mia. Unataja ili wenzako washtuke, wamtoe binti kasoro, nawe umsifu, watoke nje kunong'ona, warudi na neno lingine. Katika kubishana huko ndipo unapomjua anayemchukua mtoto wako.

Na nyumba yangu ilikuwa ya kusifiwa. Ilijengwa karibu na soko na mfanyabiashara wa pamba wa zamani, mimi bado sijavunja ungo. Tofali za kuchoma, nene, ukilala chumba cha mbele husikii pikipiki. Bati la wakati ule, fundi anatembea juu na halibonyei. Vyumba vinane vinazunguka ua. Mimi na marehemu mume wangu tuliinunua kwa pamba, na mgongo wangu unajua ni pamba kiasi gani. Alipofariki nikabaki na wapangaji, na watoto wao wamejifunzia kutembea kwenye ua ule.

Sikuuza kwa njaa. Niliuza kwa sababu ya goti. Mlango mkubwa wa mbele ni wa mninga, mvua ikinyesha unavimba, haufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Nimeunyanyua mpaka goti limeisha. Binti yangu aliyeolewa Lagangabilili akasema, mama, uza, tukujengee huku jirani yangu, na mlango tutaweka wa chuma.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa viatu vyeupe. Aliniamkia vizuri, sina ugomvi na shikamoo yake. Lakini chumba hata kimoja hakuingia. Alitembea kutoka barabarani mpaka ukuta wa nyuma, hatua ndefu, macho chini kama mtu aliyedondosha funguo. Akarudi.

"Sawa, bibi. Mia."

Nilikaa, nikasimama, nikashika ufagio nikafagia ua uliokuwa umeshafagiliwa.

"Hujaona vyumba," nikamwambia.

"Sina haja, vyote vinashuka. Naweka maduka."

"Na nyumba umeitolea ngapi?"

"Nyumba?" Alishangaa kweli. "Hiyo ni gharama yangu mimi, kuibomoa."

Nikamwambia dalali amsindikize.

Dalali alishamwambia mwanangu wa Dar es Salaam, naye akapiga simu kabla chai haijapoa. "Mama, umekataa bei uliyotaja mwenyewe?"

"Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Hakubishana."

"Mama, mteja kama huyo watu wanamtafuta kwa tochi."

Sikutulia tena. Nikiamka nasema mia na ishirini, nikinawa uso nasema tisini. Usiku goti lilinigombeza, asubuhi binti yangu. Dalali akawa hapokei simu. Mpangaji wangu fundi cherehani akaniuliza, "Mama, tufungashe au tusifungashe?" Nikamwambia, "Wewe shona." Moyoni nilijiuliza, na asipotokea mwingine? Nitafia mlangoni, goti moja juu?

Akaja mama mmoja wa Lamadi, muuza sangara, mwili wa kazi, harufu ya samaki imetangulia.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, kama mtu na mama yake.

"Mwadila."

Hakukaa. Akaingia chumba hadi chumba, akigonga ukuta kama anayechagua tikiti maji.

"Mayu, ufa huu unaingia kidole."

"Ingiza kidole chembamba."

"Chumba cha tano kinavuja."

"Kinavuja pembeni. Kitanda huwekwa katikati."

"Ng'ombe mia kwa nyumba inayovuja? Hamsini."

"Hamsini kanunue mtumbwi."

Wapangaji wakacheka mpaka mashine ya cherehani ikasimama. Akaondoka amekunja uso. Siku ile nilikula ugali wangu wote.

Alirudi na fundi, akampandisha juu ya bati. Akarudi tena na dada yake, wakanong'ona uani, nami nikajifanya nachambua mchele. Akawauliza wapangaji kama watabaki, maana naye anataka kodi, hataki magofu. Tulifika themanini na tano. Mwanangu alipiga hesabu ya kilichopungua, akanitajia. Nikamwambia nimesikia.

Siku ya kumkabidhi mvua ilinyesha. Alikuwa ameshika funguo, mlango umevimba, akausukuma kwa mikono yote miwili.

"Mayu, mlango wako haufungi."

"Sasa ni wako. Nyanyua kwa goti."

Akanyanyua. Haukufunga.

"Chini zaidi, karibu na bawaba."

Akapandisha kanga, akaweka goti pale penyewe, akasukuma kwa kifua. Ukaingia. Nilikuwa nimesimama nje, mvua inanipiga, nikasikia komeo linaanguka kwa ndani. Nikamwambia binti yangu, aliyekuja kunichukua, twende haraka, kabla sijagonga nifunguliwe.