Pete Inayoanguka

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mchoraji katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Kisii, na nilijiona sana. Kazi zenyewe zilikuwa kadi za harusi na matangazo ya mikutano ya injili. Kwa hiyo siku mwalimu mmoja wa Magwagwa alipotuletea riwaya yake, hadithi ya msichana anayepanda mwezini kwa kamba ya mgomba, niliona nyota yangu imewaka. Mwalimu alitaka jalada la kumsimamisha mtu njiani, hata asiyejua kusoma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tulikuwa na rangi mbili tu, bluu na nyekundu. Nilimchonga msichana kwenye kipande cha lino, ile zulia ngumu ya sakafuni tuliyochonga picha za kupigia chapa, akining'inia chini ya mwezi, lakini alitoka baridi kama picha ya kalenda. Ndipo nikaikumbuka miguu ya nyanya yangu.

Nyanya, mamake baba, aliishi Birongo. Ni yeye tu aliyebaki pale akivaa ebitinge, zile pete za chuma ambazo mke wa Kigusii alivishwa miguuni ndoa yake ilipokamilishwa. Kuzivua kulikuwa sawa na kutangaza kwamba umemwacha mume. Babu alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu, hakurudi, na hakuna aliyewahi kuleta habari za kifo chake. Wanawake wa rika la nyanya walizivua zao walipobatizwa. Yeye alikwenda kanisani kila Sabato, akaimba kuliko wote, na hakubatizwa, kwa sababu mchungaji alitaka pete zitoke kwanza. Shemeji yake, mdogo wa babu, alikuwa akilimezea mate shamba lake la mteremkoni tangu watu waanze kupanda majani chai. Lakini angemwondoaje mke aliyevaa pete za kaka yake?

Yote haya niliyajua. Nimelelewa kwenye jiko lake, nikiitazama miguu ile ikipita kati ya mafiga. Sikuhitaji hata kwenda kumwomba ruhusa, na sikwenda. Nilichora pete zote kutoka kichwani, na kwa kuwa nilijisifu kwamba mkono wangu hausemi uongo, nikaweka na kovu la uji uliomwagikia muundi wake wa kulia.

Mwenye kiwanda alipenda. Ila aliweka kidole gumba chini ya nyayo za msichana, akasema hapo ni patupu mno, weka kitu. Nikachukua kisu, nikachonga pete moja imechomoka mguuni, inaanguka, nyekundu, kubwa kuliko mwezi wenyewe. Chai yangu haikuwa imepoa nilipomaliza. Nilifurahi kupita kiasi.

Kitabu kilinunuliwa. Watoto wa shule walikifikisha Birongo, na huko hakuna aliyejishughulisha na jina la mwandishi. Shambani nyanya alikunja gauni kama wenzake, hivyo kovu lile lilijulikana na kila mtu. Ikasemwa kwamba amemtuma mjukuu wake wa mjini atangaze kuwa amemwacha mume. Shemeji yake alikwenda na jalada hilo mbele ya wazee, akauliza mwanamke aliyejivua ndoa mbele ya nchi nzima bado anafanya nini kwenye shamba la kaka yake.

Nyanya akaniita. Nilimkuta amekiweka kitabu mapajani, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliniuliza ni kitu gani kwenye hadithi kilichoiangusha ile pete. Kwa kawaida aliniita mume wangu, kwa utani wetu wa siku zote. Siku hiyo hakuniita chochote. Nilimweleza kwamba kwenye hadithi hakuna pete inayoanguka, kwamba pale chini palikuwa patupu tu.

Alikigeuza kitabu, jalada likatazama chini.

"Basi umenivua," akasema, "ili ujaze mahali."

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwetu majuto yalikuwa mjukuu kweli, na alikuwa na wino kwenye kucha. Nilikwenda kwa wazee nikajieleza, wakaniambia kijana aliyesoma hakosi maneno. Nilimsihi mwenye kiwanda tuchonge jalada upya, akasema kinachouzika hakiguswi.

Siku ya soko nilimsindikiza nyanya Daraja Mbili, nikiwa nimembebea kapu. Kila alikokwenda mbali na nyumbani alivaa gauni linalofagia ardhi, maana mjini watu walizicheka pete zile. Penye wauza ndizi tulikuta wanawake wa kwetu wameketi, na katikati yao mke wa shemeji yake. Macho yote yakashukia pindo la gauni. Nyanya alisimama. Kisha huyu mama mzima, aliyemkatalia hata daktari kumfunua goti, akashika gauni kwa mikono miwili, akalipandisha mbele ya soko zima.

"Hesabuni," akasema.

Nilidhani wataona haya. Mke wa shemeji yake aliinama, akaanza kuzihesabu kwa kidole, moja moja, akianza na mguu wa kushoto. Mtu wa kusema neno pale nilikuwa mimi. Nilitazama ndizi za watu mpaka akamaliza.