Kopo la Agnès

Siku ambayo Nkandu alioka biskuti, kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi ilijua. Harufu ya mnanaa, ambao Lubumbashi waliuita menti, ilitangulia moshi wa makala, ikapita juu ya ua na kuingia katika nyumba za watu bila kubisha hodi.

"Yaya, dada yangu, leo tena unapika dentifrice ya kusugulia meno?" aliuliza Chileshe, jirani yake, kutoka upande wa pili wa ua.

"Weye lete mukono, ukule. Meno yako njo iko na lazima ya dentifrice."

Chileshe akacheka, akaleta mkono, akala, kisha akaleta mkono wa pili.

Tanuri Nkandu hakuwa nalo. Alikuwa na mbabula, lile jiko la bati lenye matundu pande zote, na sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga chini. Juu ya mfuniko alipanga makaa mekundu, ili joto lije kutoka juu na kutoka chini. Biskuti ziliingia nane kwa nane. Shokola aliikata kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi. Menti aliichuma nyuma ya nyumba, chini ya bomba, mahali ambapo marehemu mume wake Mwansa aliipanda. Akanyofoa majani, akatupa vijiti vyote, kisha akayatwanga pamoja na sukari katika kinu mpaka sukari ikawa kijani na yenye unyevu kama udongo uliopata mvua. Kazi ya kutoa vijiti ilichosha kuliko zote. Lakini kijiti kimoja kikibaki, ladha huwa chungu, na uchungu huo hauji mwanzoni. Huja baada ya kumeza.

Ufundi huo aliupata fuaye, nyumba ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Mwalimu wao alikuwa Mamere Régine, mtawa Mbelgiji, mwanamke mkali asiyesifu mtu. Alimpa Nkandu cheti mwaka 1969, na kwa miaka mitano iliyofuata akamwachia masomo ya mapishi kila alipougua, na aliugua mara nyingi. Siku ya cheti, Mwansa alirudi kutoka kiwandani na kopo tupu la biskuti za Ulaya, jekundu, lenye mfuniko wa kukaza. Alikaa kizingitini na msumari, akachora juu ya mfuniko, herufi moja baada ya nyingine: AGNÈS. Hilo lilikuwa jina la ubatizo la mke wake.

Sasa ulikuwa Aprili 1974. Mwansa alikuwa amefariki mwezi wa kwanza kwa ugonjwa wa kifua, na nyumba ilikuwa ya Mwansa, maana yake ilikuwa ya kampuni. Mjane alipewa miezi sita. Mwisho wa Juni, Nkandu na watoto wake watatu walipaswa kurudisha ufunguo, waende watakakokwenda. Mamere Régine naye alikuwa amesharudi kwao, na mwalimu wa fuaye, yeyote yule, alipewa nyumba. Nkandu hakuwa na tumaini jingine. Hakulihitaji: nani mwingine aliijua kazi ile?

Mkuu wa wafanyakazi, citoyen Chanda, alitangaza kwamba kila mwombaji ataleta kitu kimoja alichokitengeneza kwa mikono yake, na kueleza atakifundisha vipi. Waombaji walikuwa wawili: Nkandu na Ngosa. Ngosa alikuwa amehudhuria fuaye miezi miwili, akafuma nusu ya soksi. Lakini alikuwa mdogo wa mke wa Chanda.

Siku moja kabla ya mtihani, Ngosa alifika kwa Nkandu, kitenge kipya kiunoni, sauti imelainika.

"Yaya, mi nasikia haya kukuomba. Nifundishe ile biskuti yako."

"Weye unaomba ile kazi, Ngosa. Mi njo nikufundishe namna ya kunishinda?"

"Aa, yaya! Mi kesho naleta triko ya mutoto, nilishamaliza kuifuma. Hii biskuti ni ya bwana yangu tu, eko anapenda bintu bya sukari. Na Mamere si alisema, mwenye kujua afundishe mwenzake?"

Mamere alisema hivyo kweli. Ilikuwa kanuni ya fuaye, na Nkandu alikuwa ameirudia yeye mwenyewe mbele ya wanawake zaidi ya mia. Akavuta kigoda, akaweka kinu katikati yao. Alifundisha vizuri, hakujua kufundisha vibaya, na hilo ndilo lililomponza. Alieleza mchanga, makaa ya juu, kipimo cha unga. Ngosa alipochoka kunyofoa majani na kutaka kutwanga kila kitu pamoja, Nkandu alimshika mkono.

"Bijiti toa yote."

"Yote? Yaya, tutalala hapa?"

"Yote. Utaonja mwisho, utanishukuru."

Walipomaliza, Ngosa alitazama rafu. "Na kesho utabeba yako mu nini?"

"Mu sahani, na kitambaa juu."

"Sahani? Na hii bumbi yote ya barabara? Beba mu hii kopo. Iko muzuri, inafunga nguvu."

Alilishusha kopo, akaugeuza mfuniko kwenye mwanga, akautazama kitambo. Kisha akaufuta kwa pindo la kitenge, taratibu, akaliweka chini kwa heshima. Baadaye Nkandu alikukumbuka sana kule kufuta.

Mtu atauliza: hakuliona lile jina mwenyewe? Hakuona. Miaka mitano kopo lile lilikuwa limekaa mbele ya macho yake, na zile herufi zilikuwa zimegeuka mikwaruzo, kama mikwaruzo ya sufuria. Lakini nje ya nyumba yake nchi ilikuwa imebadilishwa majina. Tangu mwaka 1972, kwa siasa ya authenticité, yaani kurudi kwenye asili, majina ya ubatizo yalikatazwa kwa kuwa ni ya kikoloni. Hakuna aliyekuwa Agnès, wala Pierre, wala Godefroid. Watu wazima walilala na jina moja, wakaamka na jingine, wakaambiwa kwamba ndipo wamekuwa wao wenyewe. Maneno bwana na bibi yalikufa pia. Yalibaki citoyen na citoyenne, raia mwanamume na raia mwanamke.

Kesho yake, ndani ya fuaye, nyuma ya meza waliketi Chanda na mjumbe wa Chama, citoyen Kapya, mtu mnene mwenye beji kifuani. Ngosa aliitwa kwanza. Hakuleta triko. Alifunua sahani yenye kitambaa cha kijani, rangi ya Chama, na chini yake zilikuwa biskuti za Nkandu: kijani ile ile, shokola ile ile, ila zote sawasawa na hazikuungua chini, kwa kuwa zilitoka katika jiko la umeme la nyumba ya mkuu, nyumba ambayo kabati lake halikujua kwamba madukani shokola imekwisha.

"Inaitwa je?" aliuliza Kapya.

"Biskuti ya majani ya kwetu, citoyen. Majani ya udongo ya Zaïre."

"Sasa hiyo njo authenticité!" Kapya akachukua mbili.

Nkandu alipoitwa, alikwenda mezani. Akaweka kopo chini, akalifungua, akauacha mfuniko pembeni.

"Lakini hii ni ile ile," alisema Chanda.

"Ni ile ile, citoyen. Jana mi njo nilimufundisha, mu lupango yangu, pale nyumbani. Muulize."

Ngosa alitazama kucha zake. Chanda akacheka puani. "Kila mwenye kuchelewa anasema yeye njo alifundisha."

Kapya, kinywa kimejaa biskuti ya Nkandu, aliuokota mfuniko ili aukung'ute makombo. Akauinua karibu na macho. "A... Agnès. Agnès ni nani?"

Aliugeuza mfuniko, herufi zikamtazama Nkandu.

"Citoyenne, nakuuliza. Agnès ni nani?"

"Ilikuwa mimi," alisema Nkandu. "Bwana yangu aliandika zamani, mbele ya sheria kutoka."

"Na unaleta jina ya bukoloni mpaka hapa, mbele ya Chama? Njo jina utafundisha bibi za bafanyakazi?"

"Mi nilileta biskuti, citoyen. Njo unakula."

Kapya alimeza. Chanda aliandika mstari mmoja, akafunga daftari. Ngosa, aliyebatizwa Bernadette katika parokia ile ile, katika beseni lile lile la maji, aliteuliwa kabla ya saa sita mchana, na chombo cha kwanza kubaki kitupu mezani kilikuwa kopo jekundu.

Mwisho wa Juni Nkandu alirudisha ufunguo. Kutoka katika nyumba aliyoifagia miaka kumi na moja alichukua vitu vyake, kopo jekundu, na mizizi ya menti katika kopo la maziwa. Chileshe alimsindikiza mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza hakupata mzaha wa kusema. Nkandu alipanga chumba na nusu katika mtaa wa Hewa Bora, akawa anaoka kwa mbabula ile ile, akiuza mbele ya mlango kila alipopata shokola iliyovuka mpaka kutoka Zambia.

Hapo ndipo alasiri moja alipita mwanamke kijana aliyekuja kumwona shangazi yake. Alinunua biskuti moja, akaiuma, akapiga makofi.

"Eee, biskuti ya Ngosa! Hata huku imefika? Sisi mu kambi citoyenne Ngosa anatufundisha. Na weye mama, nani alikufundisha?"

Nkandu akampa chenji yake. Yule mwanamke aliuma tena, akatafuna polepole, akakunja uso kwa kufikiri.

"Lakini ya kwako iko muzuri kupita. Ya kwetu kisha kumeza inabakia uchungu. Tunatwanga menti, tunatwanga, iko tu uchungu. Juu ya sababu gani, mama?"

Neno lilifika kwenye meno ya Nkandu. Lilikuwa neno moja tu, na miaka mingi alikuwa amelitoa bure kwa kila aliyeketi mbele ya kinu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka kuonyesha namna ya kunyofoa. Akaurudisha, akachukua mfuniko, akafunga kopo kwa nguvu.

"Sijue," alisema.

Mwanamke aliinama, akasoma herufi zilizochorwa kwa msumari. "Na Agnès? Njo nani?"

"Alikuwa anakaa kule kwenu, mu kambi," alisema Nkandu. "Balimufukuza."