Kabati la Mninga la Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa kwanza pale kwetu Endagikot, Mbulu, kuwa na pikapu, na kwa muda mrefu alikuwa pia mtu wa kwanza kuisukuma. Aliinunua kuukuu Arusha, miaka ile ambayo kila aliyeuza ng'ombe wawili alianza kuitwa mfanyabiashara. Ubavu wa gari ulikuwa umebonyea vibaya. Vijana wa gereji wakaujaza fila, wakasugua kwa msasa, wakapaka rangi nyeupe, na yeye akasimama pale siku nzima akiwatazama. Alirudi Mbulu na kopo lake mwenyewe la fila, na ujuzi ambao alituonyesha kama mtu aliyetoka chuoni.

Fila ni uji mzito wa kijivu. Unauchanganya na hadina, dawa nyekundu inayotoka kwenye kitubu kama dawa ya meno, na baada ya muda mfupi uji unakuwa jiwe. Unausugua mpaka kiganja kikipita juu yake kisihisi kitu. Kazi yake hasa ni bati la gari, lakini baba mdogo hakuona sababu ya kuishia hapo. Alijaza ufa wa mlango wetu. Alijaza meza ya kulia chakula, kigoda cha bibi, karai lililotoboka, na bakuli moja la udongo ambalo mama alikuwa ameshalitupa. Nyumba nzima ilinuka kama rangi ya kucha.

"Shemeji," mama alimwambia siku moja, "ukimaliza humu ndani nenda barabara ya Bashay. Kule kuna mashimo ya kukutosha."

Baba mdogo alicheka kwa upole, kama anayemsamehe mtu asiyesoma. Ndio wakati tulipotangaziwa kwamba sisi si watu wa Arusha tena, tuko mkoa mpya wa Manyara. Yeye alizipokea habari zile kama mtu aliyeombwa ushauri kabla. Alisema mkoa mpya unataka watu wenye ufundi.

Mimi nilikuwa nakaribia kuolewa. Mchumba wangu alikuwa mwalimu Katesh, mtoto wa wafugaji wa tambarare ya Hanang, na ukoo ukakaa kikao kupanga zawadi za kuniaga. Shangazi alitoa sufuria. Mjomba akatoa godoro. Ilipofika zamu yake, baba mdogo alisimama, ingawa wengine wote walisema wakiwa wamekaa.

"Binti yetu anakwenda ugenini. Natoa kabati la nguo. La mninga."

Watu wakapiga makofi. Baba yangu hakupiga. Alikuwa ameijua nyumba ya mdogo wake tangu ilipojengwa, na mninga aliowahi kuuona humo ulikuwa wa kwenye mazungumzo tu.

Kabati lenyewe lilikuwa stoo kwake, nyuma ya magunia ya mahindi. Lilipoletwa uani kwetu nililigonga mguu kwa kidole na kidole kikaingia. Mchwa walikuwa wamelila kwa utulivu wa miaka, wakaacha ngozi ya nje tu, kwa adabu, ili mwenye nyumba asishtuke.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unalionaje?"

"Limeliwa."

"Limeguswa," alinirekebisha. "Shika hiki kibao, nikuonyeshe kazi."

Basi nikashika kibao cha kuchanganyia, mimi bibi harusi mtarajiwa, mikono yangu ikinuka gereji. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu haukuondoka mpaka mchana. Mara ya kwanza alitia hadina nyingi, fila ikaganda kibaoni kabla hajageuka, akabaki na bonge la jiwe mkononi. Akasema hadina ya siku hizi imechakachuliwa. Mara ya pili akatia kidogo mno, na kwa baridi ile fila ikabaki laini kama ugali wa jana. Kuku akapita juu yake. Akasema inapumzika.

Nilimuuliza kama haifai kwanza kutoa mbao zilizooza, ndiyo ajaze.

"Ukizitoa," alisema, "kutabaki nini?"

Akajaza unga wa mchwa pamoja na mchwa wenyewe. Alisugua kwa msasa mpaka kabati likawa laini kweli, lazima niseme ukweli huo, laini kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho nyumbani. Tatizo likawa rangi: kabati lilikuwa la kijivu, kama ubavu wa pikapu kabla ya kupakwa. Vanishi ilikuwa imemwishia. Akachukua dawa ya viatu ya kahawia, akapaka kabati zima kwa soksi, kisha akachora mistari ya mbao kwa kitana. Chake mwenyewe, cha mfukoni.

Siku ya kuniaga kabati liliingia ukumbini likibebwa na wanaume sita wakicheza. Mshereheshaji alipaza sauti kwenye spika kwamba huyu ndiye baba mdogo wa kuigwa, na hili ni kabati la mninga mtupu. Wageni wakashangilia. Baba mdogo akatembea mbele yake na leso mkononi, akipangusa vumbi ambalo halikuwepo, na kila walipoikaribia meza kuu aliwaambia wabebaji kwa sauti ya chini, "Msilishike miguu. Shikeni kiunoni."

Lilisafiri kwenda Katesh kwenye pikapu yake, likiwa limefungwa kamba na kufunikwa blanketi. Barabara ya kuteremka Dareda haikuwa na huruma na mtu mzima, sembuse kabati. Tulipofika nyumbani kwa wakwe jua lilikuwa kali, ule ukavu wa tambarare ambao mtu wa Mbulu unampasua midomo siku ya kwanza. Baba mkwe alikuja kupokea. Alikuwa mzee mrefu, na alikuwa amejifunga shuka jipya jeupe kwa ajili yangu. Akaliegemea kabati wakati wa kulishusha, likakaa chini, naye akasimama akilisifu.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili alikitoa kidogo kidogo, kama mtu anayegawa chumvi.

"Baba," alimwambia mumewe, "huu mti unatoa jasho."

Shuka la baba mkwe lilikuwa la kahawia kuanzia begani mpaka kwenye paja. Alijigusa, akanusa kidole, akamtazama baba mdogo.

"Ni mafuta ya asili ya mninga," baba mdogo akasema bila kupepesa. "Mninga mzuri hutoa."

Wakati anasema hivyo, kona ya chini ya kabati ikaachia. Haikuvunjika kwa kelele. Ilidondoka tu kama kipande cha jibini, ya kijivu ndani, ikalala mchangani, na nyuma yake mchwa wawili watatu wakatoka kutazama mkoa mpya.

Baba mkwe akainama, akawaangalia.

"Mninga," alisema, "mchwa hawali."

Mume wangu alikohoa. Mimi nilitamani kurudi kwenye pikapu. Baba mdogo, ninyi hamkumjua, alikubali kikombe cha chai, akanywa mpaka mwisho, akasifu maziwa, akasema hawezi kukaa kwa sababu ana shughuli, akaondoka. Nilibaki na godoro, sufuria, na aibu yenye milango miwili.

Nilikaa na kabati lile miezi kadhaa likiwa limeegemezwa ukutani, nguo zangu zikiwa kwenye sanduku. Mama mkwe hakunisimanga hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alipopita chumbani alilipa kabati nafasi, kama unavyompisha mlevi. Mwishowe nikakasirika. Nilinunua kopo dogo la fila na msasa pale Katesh, nikalilaza kabati uani, nikaanza kuchimba kwa kisu cha jikoni. Nilitoa kila kilichooza. Baba mdogo alikuwa amesema kweli: karibu kusibaki kitu. Lakini fremu ya juu ilikuwa nzima, na milango miwili, na shelfu moja. Fundi seremala akanitengenezea miguu na sehemu ya chini kwa mbao mpya, za bei nafuu, ambazo hakuna aliyeziita mninga. Mimi nikajaza matundu ya misumari na nyufa ndogo, kidogo kidogo, hadina punje tu kwa sababu ya joto, nikasugua, nikajaza tena palipozama. Nikapaka rangi ya mafuta ya kijani, ile ya madarasa, aliyoipata mume wangu.

Mama mkwe alikuja na kigoda, akakaa akinitazama siku nzima. Jioni akapitisha kiganja mlangoni, taratibu, akakigeuza kukiangalia. Kilikuwa safi.

"Sasa weka nguo," akasema, akaingia ndani.

Vile vipande vya fila ya baba mdogo nilivirundika nyuma ya nyumba. Mchwa walimaliza mbao zote zilizokuwa zimeshikana navyo, wakaacha fila yenyewe, kona nzima na nusu mguu, umbo la kabati lisilo na kabati ndani. Watoto wa jirani walivichezea kama vyungu.

Baba mdogo alikuja kututembelea baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa. Alikuwa amezeeka kidogo, na pikapu ilikuwa imeachwa njiani Endasak. Alimpakata mtoto, akala, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kunawa mikono. Alikaa huko muda. Alirudi ameshika kona ya kijivu, ameifuta vumbi, uso wake unang'aa.

"Mnaona?" alimwambia baba mkwe, akimpa aishike. "Miaka yote hiyo, mvua na jua, na fila yangu bado nzima. Wadudu wamekula kila kitu, kazi yangu wameshindwa."

Baba mkwe akaipima mkononi. Mimi na mume wangu hatukuthubutu kutazamana.

"Ni kweli," mzee akasema. "Wameshindwa."

Baba mdogo akamgeukia mama mkwe akamuuliza kama hawana mlango unaosumbua, maana yuko hapa hadi Jumapili. Mama mkwe alikuwa anakoroga uji wa mzazi, hakuinua kichwa.

"Milango yetu mizima," akasema. "Wewe pumzika."